Simu ya Kukunja kwa Kazi ya Video za Mitandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaojirekodi kwa simu: wapishi wa TikTok, wauza nguo wa Instagram, waongoza watalii, vijana wanaoanza chaneli za YouTube. Mtaani simu zote zinazokunjwa juu kwenda chini huitwa Flip, na zile zinazofunguka kama kitabu huitwa Fold, hata zisipokuwa za Samsung. Nami nitazitaja hivyo hivyo.

Hivi simu ya kukunja inanipa nini ambacho simu ya kawaida ya bei hiyohiyo hainipi?

Vitu viwili tu. Inasimama yenyewe bila stendi, na inakuruhusu kujirekodi kwa kamera kubwa za nyuma huku unajiona kwenye skrini ya nje.

Hilo la pili ndilo lenye uzito. Kwenye simu ya kawaida, anayejirekodi ana njia mbili: atumie kamera ya mbele, ambayo mara nyingi ni dhaifu kuliko ya nyuma, au ageuze simu arekodi kwa kubahatisha, kisha akute paji la uso limekatwa. Chukua Galaxy Z Flip6 ya Samsung: kamera ya selfi ina megapikseli 10, kamera kuu ya nyuma ina 50. Mchana kweupe mtazamaji huenda asigundue chochote. Lakini nenda Forodhani ya Zanzibar wakati wa magharibi, taa zimewashwa na moshi wa mishikaki umetanda, uone kamera ya selfi inavyokupa uso wenye chengachenga wakati ile ya nyuma bado inahimili.

Mengine yote, yaani umbo, fahari, na ule mlio wa kuifunga unaowafanya watu wageuke, ni raha ya mwenye simu. Hayamfikii anayekutazama. Kama kazi yako haihitaji vitu hivyo viwili, labda unarekodi mechi za mchangani au bidhaa mezani tu, hela hiyohiyo itakununulia simu ya kawaida yenye kamera bora zaidi.

Flip au Fold?

Kwa anayejirekodi, Flip, bila kusita sana. Ni ndogo ikikunjwa, ni nyepesi (Z Flip6 ina gramu 187), na skrini ya nje iko ubavuni mwa kamera kuu, kwa hiyo macho yako yanabaki karibu na lenzi. Ukitaka kujirekodi kwa kamera za nyuma za Fold, inabidi uifungue yote na kuinyoosha mkononi ikiwa pana kama sahani. Z Fold5 ina gramu 253. Baada ya dakika chache mkono unatetemeka, na video nayo. Z Fold7 ya mwaka 2025 imeshuka hadi gramu 215, ila ikifunguliwa bado ni pana.

Fold inafaa kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni baada ya kurekodi: kuediti, kuandika manukuu, kujibu wateja huku anaangalia video upande wa pili wa skrini. Wasimamizi wa kurasa za biashara wanaipenda kwa sababu hiyo, na wana haki.

Skrini ya nje inatakiwa iwe na ukubwa gani?

Hapa usinunue kwa jina, nunua kwa kioo. Tecno Phantom V Flip ya mwaka 2023 ina skrini ya nje ya duara yenye inchi 1.32. Inapendeza, lakini kujipanga kwenye fremu kwa kiduara kile ni kazi. Mrithi wake, Phantom V Flip2 wa mwaka 2024, ana inchi 3.64, sawa na Infinix Zero Flip. Z Flip5 na Z Flip6 zina inchi 3.4, Razr 50 Ultra ya Motorola ina 4.0, na Z Flip7 ina 4.1. Kuanzia inchi tatu na zaidi unafanya kazi ya kweli.

Tahadhari moja: nyingi ya skrini hizi zinakaribia umbo la mraba, ilhali video ya TikTok ni ndefu na nyembamba. Fremu yako itaonyeshwa ikiwa ndogo katikati, au itakatwa juu na chini. Rekodi sekunde chache, fungua simu, angalia kilichoingia, ndipo uanze.

Naweza kuacha tripodi nyumbani?

Kwa video za mezani, ndiyo. Kunja nusu, weka nusu ya chini mezani, nusu ya juu isimame, kaa upande wa kamera za nyuma, nyanyua kiganja uioneshe simu (Samsung wana ishara hiyo ya kuanza kurekodi), basi. Wasusi, walimu wa twisheni mtandaoni, wapaka hina, wapishi: hawa wote wanapata msaada wa moja kwa moja.

Shida ni kimo. Flip iliyokunjwa nusu inaweka kamera sentimita nane hivi juu ya meza. Matokeo yake mtazamaji anakuangalia kutokea kidevuni, anahesabu matundu ya pua. Ipandishe juu ya friji, rafu, boksi la viatu, sufuria iliyofunikwa, chochote kitakachoifikisha usawa wa macho. Mpishi aangalie pia mvuke: lenzi ikipata ukungu dakika ya tatu, nusu ya mapishi itaonekana kama asubuhi ya Lushoto.

Mwelekeo nao una mambo yake. Flip iliyosimama hivyo inarekodi video ya wima, tayari kwa TikTok, Reels na Shorts. Fold iliyokunjwa nusu kwa mtindo wa laptop inarekodi ya mlalo, ya YouTube. Ukitaka kinyume chake, simamisha simu kwa ubavu, imefunguka kiasi, miguu yake miwili ikiwa kingo za simu yenyewe. Inasimama vizuri ndani ya nyumba. Nje kwenye upepo wa pwani usithubutu.

Tripodi bado utaihitaji kwa kucheza dansi, mazoezi ya mwili na chochote cha mwili mzima. Kishikio cha tripodi kisibane bawaba wala kisikandamize skrini ya ndani. Kibane nusu moja tu ya simu.

Kwa nini sauti yangu ni mbovu nikirekodi simu ikiwa imekunjwa?

Kwa sababu umeifunika. Flip ikikunjwa, ukingo wa juu na ukingo wa chini hukutana, na huko ndiko yaliko matundu ya maiki. Watu wengi huishika pale pale kiganjani. Wakati huohuo kamera nazo ziko karibu na ukingo huo, ndiyo maana kidole hujitokeza pembeni mwa picha. Ishike kwa ubavu, vidole vikiwa upande wa bawaba.

Suluhisho la kweli ni maiki ndogo ya kubana kwenye shati, ile isiyotumia waya. Lakini kipokezi chake huchomekwa kwenye tundu la chaji, ambalo nalo liko ukingo huohuo wa kiganjani. Kwa hiyo ukiwa na kipokezi, ni rahisi zaidi kuikunja simu nyuzi 90 na kuishika kwa pembeni, namna watu walivyoshika kamera za harusi za zamani. Motorola na Samsung wameweka hali maalumu ya kurekodi kwa mshiko huo, na mkono hautetemeki sana. Simu ikiwa mezani, kipokezi hakina shida, ila maiki ya chini ya simu yenyewe itabeba kila kishindo cha meza. Ukikatakata vitunguu meza ileile, utasikia kisu kuliko maneno yako.

Na ununue kile kisponji chenye manyoya cha kuifunika maiki. Bila hicho, barabara ya Morogoro na ufukwe wa Diani zinatoa sauti moja: vuuuu.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya kumpa mwanzilishi simu ya kukunja au maiki nzuri, nitampa maiki. Watu huvumilia picha hafifu. Sauti mbovu wanaipita kwa kidole gumba.

Kamera zake zinafikia simu kubwa za kawaida?

Hapana, na hasa kwenye kuvuta picha ya mbali. Flip nyingi zina kamera mbili tu nyuma, na ya pili huwa ya pembe pana. Ukirekodi tembo ng'ambo ya mto Ruaha utapata kinukta cha kijivu. Waongoza watalii wanaouza safari kwa video za wanyama watafute simu yenye lenzi ya kuvuta, ya kukunja au isiyo ya kukunja.

Kwa vlogu ya kutembea, yaani video ya kujirekodi ukisimulia njiani, kinyume chake: pembe pana ndiyo unayoihitaji, kwa sababu mkono wako ni mfupi na unataka uso wako na mtaa uliopo nyuma viingie pamoja. Hapa angalia orodha ya kamera kabla ya kulipa. Razr 50 Ultra iliondoa pembe pana ikaweka ya kuvuta mara mbili. Razr 60 Ultra ya mwaka uliofuata ikairudisha pembe pana. Simu mbili za ukoo mmoja, moja inafaa vlogu na nyingine inakubana uso.

Niende nayo ufukweni?

Ndiyo, kwa masharti, na masharti yenyewe ni mazito kuliko wauzaji wanavyosema.

Soma herufi za IP kwenye boksi, yaani daraja la kinga dhidi ya vumbi na maji. Z Flip5 na Z Fold5 zina IPX8. Hiyo 8 ni ya maji: mita 1.5 kwa dakika 30, maji yasiyo na chumvi. Ile X maana yake kwa vumbi hakuna daraja lililotajwa. Z Flip6, Z Fold6 na Z Flip7 zina IP48, na hiyo 4 inahusu vitu vigumu vya kuanzia milimita moja. Mchanga mwingi wa Nungwi, Paje au Coco Beach una punje ndogo kuliko hapo, mwembamba karibu na unga. Unaingia kwenye bawaba, na kibaya zaidi unakaa juu ya skrini ya ndani ambayo ni laini, kisha wewe unaifunga simu. Punje moja iliyobanwa katikati inatosha kuacha alama nyeusi isiyotoka. Mwaka 2025 Google walitoa Pixel 10 Pro Fold yenye IP68, inayozuia vumbi pia, lakini hata hiyo haikupi ruhusa ya kufungia mchanga ndani.

Kwa hiyo ufukweni, rekodi ikiwa imekunjwa, ukitumia skrini ya nje. Skrini ya ndani ibaki imefungwa hadi utakapofika sehemu safi. Kabla ya kuifungua, futa kingo kwa kitambaa laini kikavu. Kabla ya kuifunga tena, pitisha mkono safi juu ya skrini. Usiipulize kwa mashine ya upepo ya fundi, utakuwa unausukuma mchanga ndani zaidi. Ikiguswa na maji ya bahari, ifute mara moja kwa kitambaa kilicholowanishwa maji ya bomba na kukamuliwa, kisha iache ikauke ikiwa wazi. Chumvi ikikauka kwenye bawaba utaisikia inakwaruza.

Barabara za vumbi za Mikumi na Tsavo hesabu ni ileile. Madirisha ya gari chini, simu imefungwa.

Inapata moto na mwanga wa skrini unafifia. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Kioo cheusi, jua la saa saba mchana la Dar au Mombasa, kurekodi kwa ubora mkubwa wa 4K, bando limewashwa na TikTok laivu juu yake: simu yoyote itajilinda kwa kupunguza mwanga au kusimamisha kamera. Simu za kukunja huwahi zaidi, maana ni nyembamba na joto halina pa kwenda. Shuka hadi ubora wa 1080p, ondoa kava, kaa kivulini, usiichaji wakati unarekodi. Usiiweke kwenye friza. Nimeona watu wakifanya hivyo, na umande unaojikusanya ndani ni hatari kuliko joto lenyewe.

Betri itanifikisha jioni?

Ukirekodi kwa bidii, haitakufikisha. Z Flip6 ina ujazo wa mAh 4,000, Z Flip7 ina 4,300. Infinix Zero Flip ina 4,720 na chaji ya wati 70, jambo linalosaidia sana pale umeme unapokatika na kurudi kwa saa moja. Ukiwa mtu wa laivu, pawabenki haikwepeki. Tembea nayo.

Nirekodi kwa 4K au 1080p?

1080p, isipokuwa unaandaa video ndefu ya YouTube au kazi ya mteja. 4K ya fremu 30 kwa kasi ya megabiti 48 kwa sekunde inakula takriban MB 360 kila dakika. Dakika kumi za mapishi ni karibu GB 3.6, na simu za Galaxy Z hazina nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kisha kuna kuipandisha: bando linaisha, na TikTok inaibana video upya ikifika. Pale unapotaka kukata fremu wakati wa kuediti, yaani kusogeza uso karibu bila kupoteza ubora, 4K ina maana. Kwa matangazo ya viatu vya Kariakoo haina.

Mkunjo wa katikati ya skrini unaonekana kwenye video?

Hapana. Mkunjo uko kwenye kioo unachotazama wewe, haupo kwenye lenzi. Unausikia tu kidole kinapopita wakati wa kuediti, na macho huuzoea.

Itadumu muda gani?

Samsung walitangaza kwamba vizazi vya Z Flip3 na Z Fold3 vilijaribiwa kukunjwa mara 200,000, sawa na mara mia kwa siku kwa takriban miaka mitano. Majaribio hayo hufanywa na mashine, chumba safi, hakuna vumbi la stendi ya Mbagala. Bawaba huwa inadumu. Kinachokufa kwanza ni skrini ya ndani na ile plastiki nyembamba iliyobandikwa juu yake.

Plastiki hiyo usiibandue. Mwaka 2019, Galaxy Fold ya kwanza kabisa ilipopelekwa kwa waandishi wa habari, baadhi yao waliibandua wakidhani ni protekta ya kawaida ya dukani, skrini zikafa. Nyingine ziliharibika bila hata kubanduliwa. Uzinduzi ukaahirishwa kutoka Aprili hadi Septemba. Ikianza kuinuka au kutoa viputo kwenye mkunjo, peleka kwa kituo rasmi ibadilishwe. Usimpe fundi wa kibandani aikate kwa wembe.

Na uliza bei ya skrini ya ndani kabla hujanunua simu, si baada ya kuivunja. Kwa wengi, jibu hilo peke yake huamua.

Ya mtumba kutoka Dubai au Korea, ninunue?

Bei inavutia na nyingi ni nzima. Ila kagua haya mbele ya muuzaji, bila haraka. Fungua picha nyeupe, kisha nyeusi, tafuta mstari au nukta kwenye mkunjo. Ikunje nusu uiache isimame. Ikilala yenyewe, bawaba imechoka, na bawaba iliyochoka inaondoa nusu ya sababu ya kuinunua. Rekodi video kwa kila kamera, sikiliza sauti. Angalia namba ya modeli: ya Samsung ikiishia na N ni ya soko la Korea Kusini, na simu nyingi za soko hilo hutoa mlio wa kamera usiozimika kwenye mipangilio. Ukirekodi msibani au kwenye khutba utajuta. Ikiishia na U ni ya Marekani. Hakikisha haijafungwa na mtandao wa huko.

Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Tanzania unaituma kwa ujumbe kwenda 15090, Kenya kwenda 1555, na utajibiwa ni simu gani. Jina likija tofauti na ulichoshika mkononi, mrudishie mwenye duka simu yake.

Naogopa kuporwa nikirekodi barabarani.

Hofu hiyo ni halali. Flip iliyokunjwa ina nafuu hapa: inaenea kiganjani, haiangazi kama kioo kikubwa kilichonyooshwa, na kamba ya mkononi inafungika vizuri. Lakini vijana wa pikipiki wanazijua bei. Geuka uangalie nyuma kabla ya kuanza kusema, maana ukishaanza utakuwa unajitazama wewe.

Nina bajeti ndogo na ndiyo naanza. Nijikusanye ninunue?

La. Tumia simu uliyonayo, nunua maiki na taa ndogo, kaa karibu na dirisha. Simu ya kukunja inaanza kulipa pale unapojirekodi peke yako karibu kila siku, huna mtu wa kukushikia kamera, na umeshajua kabisa kwamba kinachokuchelewesha ni kujipanga kwenye fremu. Mpaka ufike hapo, tofauti itakuwa ndogo kuliko deni.

Na zile zinazokunjwa sehemu tatu?

Huawei walianza kuuza Mate XT nchini China Septemba 2024, skrini ya inchi 10.2 ikifunguliwa yote. Haina huduma za Google, kwa hiyo programu ya YouTube Studio utaitafuta kwa njia za kuzunguka. Kwa kuediti ni meza nzima. Kwa kujirekodi mkononi haikupi chochote ambacho Flip haikupi, na skrini ya kubadilisha ikivunjika ni kubwa zaidi.